Wadau nisaidieni, hii koleo ya babu yenye kigurudumu cha namba ni ya kazi gani?

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Habari zenu wadau. Wikiendi tulikuwa kijijini tunasafisha stoo ya marehemu babu, alikuwa seremala, milango na vitanda vya nusu ya kile kijiji vimepita mikononi mwake. Sasa chini kabisa ya sanduku lake la vyombo, chini ya randa na patasi na ile keekee ya kuzungusha kwa mkono, nikakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha khaki alafu kikazungushiwa kamba ya katani. Vyombo vingine vyote vimelala tu humo ndani, hiki peke yake ndo kimevishwa nguo. Moyo ukaniambia hiki mzee alikuwa anakipenda.

Kamera ya simu yangu imekufa kwahiyo naielezea kwa maneno. Ni kama koleo, ina mikono miwili ya chuma unaibana na kiganja, kuna springi inaifungua tena ukiachia. Urefu kama shubiri moja. Lakini mbele haina mdomo wa kung'ata. Mbele kuna kigurudumu kidogo cha chuma, kinene, karibu saizi ya sarafu yetu ya mia tano, na pembeni yake kuzunguka kimechongwa namba 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12. Hakuna 1, 2 wala 3. Naona kama kilitakiwa kizunguke maana nyuma kuna skrubu ya kukaza, ila kutu imekigandisha, namba 6 ndo iko mbele. Ukibana mikono kuna chuma kinasukumwa kutoka ndani kinakuja kugusa ukingo wa kigurudumu. Maandishi yameliwa, upande mmoja nasoma MADE IN ENGLAND, upande mwingine zimebaki herufi PSE tu.

Mdogo wangu anataka kuiuza kwa watu wa sikrapu pamoja na vyuma vingine, wananunua kwa kilo. Nimemwambia hapana, hatuuzi kitu tusichokijua jina. Nani ashawahi kuiona?

Mtoto wa Stesheni, Tororo

Mkuu mimi nimekulia kwota za reli, hiyo moja kwa moja naona ni koleo la tiketi. Zamani tiketi ya treni ilikuwa kikadi kigumu, mkaguzi anapita kwenye behewa na kikoleo mkononi anatoboa moja moja. Reli ilifika Kampala 1931, kabla ya hapo ile ya Busoga kutoka Jinja mpaka Namasagali ilikuwepo tangu 1912, kwahiyo vyombo vya reli kwenye nyumba za Busoga ni kitu cha kawaida sana. Hebu weka karatasi hapo ubane tuone inatoboa shimo la umbo gani.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Asante ndugu yangu. Nimejaribu sasa hivi na kadi ya simu ya kukwangua. Haitoboi kabisa. Inakunja tu ukingo wa kadi, inalala upande mmoja kama mtu amepinda kona ya daftari. Alafu nimeona kitu ambacho jana sikukiona, vile vyuma vinavyosukumwa ni viwili. Ukibana kidogo kinatangulia kimoja kipana kinaishika kadi isicheze, ukiendelea kubana ndo kinatoka kingine chembamba kinasukuma.

Mtoto wa Stesheni, Tororo

Basi naondoa neno langu. La tiketi lazima liwe na tundu upande wa pili kipande cha kadi kidondokee humo. Bila tundu hakuna kutoboa.

Mshona Viatu wa Owino

Nilitaka kusema ni ile yetu ya kutobolea mikanda, nayo ina gurudumu linazunguka na saizi tofauti. Lakini ya kwetu kwenye gurudumu kuna vijibomba vyenye uwazi katikati, kila kimoja na upana wake, ngozi inaingia mle. Ya kwako umesema ni chuma kizima. Kwahiyo hapana, siyo ya ngozi.

Mfugaji, Mbarara

Namba namba hizo si za kuweka alama kwenye masikio ya ng'ombe? Tunayo koleo ya alama, unapanga namba unabana sikio unapaka wino.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Nimeangalia mzee wangu, za kwako nadhani namba zinakuwa za vijisindano vimesimama ili zichome, hizi zimechongwa kuingia ndani, ukipapasa na kucha unasikia mtaro. Haziwezi kuacha alama popote. Na babu hakufuga, alikuwa na mbuzi wawili tu.

Busia Mpakani

Inaishia 12 kama saa. Haiwezi kuwa ya fundi saa?

Fundi Mbao, Ndeeba

Jamani tulieni kidogo. Mleta uzi nina maswali matatu, jibu taratibu bila kukisia. La kwanza, ukingo wa kigurudumu umenyooka au umekatwa mshazari? Kama ni mshazari, je mshazari una upana sawa kote au unakuwa mkubwa karibu na 4 na mdogo karibu na 12? La pili, kile chuma chembamba kinachosukuma, ncha yake ina upana wa kiasi gani? La tatu, ndani ya hilo sanduku kuna msumeno?

Kwanini nauliza. Wote hapa mnaangalia namba, mimi naangalia kile ulichosema kwamba inakunja na haitoboi. Chombo cha seremala, kinashika kitu chembamba kisicheze alafu kinasukuma ncha yake ilale upande. Kwenye karakana ya mbao kitu gani chembamba kina ncha za kulazwa?

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Fundi mikono inanitetemeka kidogo. Nimechukua tochi. Ukingo UMEKATWA mshazari na kweli kwenye 4 ni mpana, ukizunguka kwenda 12 unazidi kuwa mwembamba. Ncha ya kile chuma ni kama milimita mbili hivi, ndogo. Na msumeno upo ndani ya sanduku, wa mkono, kishikio cha mbao, umelala chini umefungwa na gazeti.

Fundi Mbao, Ndeeba

Basi imeisha. Hiyo ni koleo ya kupindia meno ya msumeno.

Angalia, meno ya msumeno hayajanyooka kwenye mstari mmoja. Moja linaegemea kushoto, linalofuata kulia, linalofuata kushoto, mpaka mwisho. Kazi yake ni kwamba njia inayokatwa kwenye ubao inakuwa pana kuliko bapa lenyewe la msumeno, kwahiyo bapa linapita bila kubanwa. Meno yakinyooka yote msumeno unakwama, unavuta mpaka jasho linatoka, mbao inapata moto, na ukilazimisha unapinda bapa. Ndo maana baada ya kunoa mara kadhaa na tupa, ule mlalo unaisha na lazima uurudishe. Unaweka jino kwenye ukingo wa kigurudumu, unabana, kile kipana kinashika bapa, kile chembamba kinalaza jino kwenye ule mshazari. Unaruka moja, unabana linalofuata. Ukimaliza upande mmoja unageuza msumeno, unapiga yale uliyoyaruka.

Na hizo herufi PSE naweka mkono wangu motoni ni ECLIPSE, za James Neill wa Sheffield, Uingereza. Ukisafisha vizuri utakuta na No. 77. Fundi wangu aliyenifundisha alikuwa nayo.

Busia Mpakani

Kumbe! Na namba je? Mbona inaanzia 4?

Fundi Mbao, Ndeeba

Namba ni hesabu ya ncha za meno ndani ya inchi moja. Msumeno wa meno makubwa una ncha 4 au 5 kwa inchi, wa meno madogo wa kazi safi una 10 au 12. Msumeno wa mkono wenye ncha 1 au 2 kwa inchi haupo, kwahiyo namba hizo hazina kazi hapo. Jino kubwa linataka mshazari mkubwa, jino dogo mshazari mdogo, ndo maana upana unabadilika.

Angalizo kwenye kuhesabu: weka rula, anza na ncha ya jino moja iwe kwenye sifuri, hesabu ncha zote mpaka kwenye inchi moja, ukihesabu na ile ya kwanza na ile ya mwisho. Ukipata ncha 8 maana yake meno kamili ni 7. Vijana wengi wanakosea hapo.

Mpasua Mbao, Masindi

Mimi nimepasua mbao miaka, wawili wawili, mmoja juu ya gogo mmoja chini shimoni. Hiyo basi ndo ingetufaa sana, tulikuwa tunapinda meno kwa tabu.

Fundi Mbao, Ndeeba

Hapana mzee wangu, kwa heshima, ule msumeno wa shimoni jino lake ni kubwa kama kidole, na bapa ni nene, hii ndogo itavunjika au haitalisogeza. Ule unataka kile chuma bapa chenye mikato pembeni, unaingiza jino kwenye mkato unasukuma kwa mkono. Nadhani ndicho mlichokuwa nacho.

Mpasua Mbao, Masindi

Ndicho hicho hicho. Chetu kilichongwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya lori.

Mzee wa Walukuba

Wanangu nimesoma uzi wote, nimekaa kimya makusudi nione kama kizazi hiki kitafika. Mmefika. Naongeza yangu.

Mimi nilijifunza useremala Jinja hapa kwa fundi Kalasinga, karakana ilikuwa nyuma ya maduka. Mwanafunzi ulikuwa hugusi randa mwaka wa kwanza. Unafagia, unachemsha gundi, na kila jioni unanoa misumeno ya siku ile. Mbao yetu ilikuwa mvule, na mvule wa Busoga una mawe ndani, naam, mawe kabisa, chokaa iliyoganda kwenye mti, nyeupe. Unakata vizuri unasikia krrr, meno kumi yameondoka. Kwahiyo tupa na koleo ya meno ndo vilikuwa mkate wetu. Koleo ile ilikaa kwenye droo ya fundi mwenyewe, unaiomba, unaitumia mbele yake, unairudisha. Mwaka 1972 Wahindi walipopewa na Amin siku tisini waondoke Uganda, mafundi wengi walikuwa hawawezi kubeba vyombo, waliwaachia vijana wao. Sisemi babu yako aliipata hivyo, lakini mimi randa yangu niliipata hivyo, na nilimsindikiza fundi wangu mpaka basi lilipoondoka.

Sasa mjukuu nisikilize. Umesema kigurudumu kimeganda kwenye 6. Kutu haiongopi. Maana yake mara ya mwisho babu yako kuishika alikuwa analaza meno ya msumeno wa ncha 6, na huo ni msumeno wa kupasulia ubao kwa urefu, meno makubwa. Hebu hesabu huo ulio ndani ya sanduku.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Shkamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili nilimsomea mama kwa sauti. Anasema babu alifanya kazi kwa Muhindi Jinja kabla ya kurudi kijijini, miaka hajui, lakini sanduku alirudi nalo.

Nimehesabu. Ulio kwenye sanduku una ncha 10 kwa inchi. Nimehesabu mara tatu sehemu tatu tofauti. Siyo 6.

Mzee wa Walukuba

Marahaba mwanangu. Basi upo mwingine. Seremala wa enzi ile hakuwa na msumeno mmoja, huo wa 10 ni wa kukata kwa upana, meno yake yamenolewa kwa pembe, ncha kama visu. Wa 6 meno yamenolewa moja kwa moja, kama patasi ndogo zimepangwa foleni. Uliza shangazi zako, vyombo vya marehemu huwa vinatembea.

Na usiisugue hiyo koleo na msasa wala brashi ya waya, utafuta na hayo maandishi yaliyobaki. Ilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi sugua na mswaki mkuukuu na kitambaa. Skrubu ikigoma irudishe kwenye mafuta, usiilazimishe na playa.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

UPDATE wadau, samahani nimepotea siku tano. Koleo ililala kwenye mafuta ya taa siku mbili, maji ya rangi ya chai yakatoka. Skrubu imelegea yenyewe kwa vidole. Fundi wa Ndeeba, ni ECLIPSE, na No. 77 ipo, nilivyoipangusa ikatokea herufi moja moja nikawa kama mtoto.

Msumeno nimeupata. Upo kwa shangazi mkubwa, ng'ambo ya kinamasi. Aliuchukua baada ya mazishi, siyo kwa nia mbaya, ulikuwa unazibia mlango wa banda la kuku, umepigwa msumari kupitia tundu la kwenye kishikio. Nilivyomweleza aliung'oa mwenyewe, akaufuta na gauni yake akanipa kwa mikono miwili. Bapa refu, lina kutu ya juujuu, halijapinda. Nikaweka rula hapohapo kwenye kibaraza. Ncha 6. Shangazi ananiuliza mbona unalia.

Sasa naombeni mnielekeze, nataka uukate ubao tena.

Fundi Mbao, Ndeeba

Daah. Hongera sana ndugu yangu. Fuata hivi na usiruke hatua. Kwanza bana msumeno katikati ya mbao mbili meno yakiwa juu, pitisha tupa bapa juu ya meno yote taratibu mpaka kila ncha iwe na kidoa cha kung'aa, hapo yamelingana urefu. Alafu chukua tupa ya pembetatu urudishe umbo la mabonde, yale mafupi uyapate sawa na wenzake. Hapo ndo unalaza meno na koleo, weka 6, bana kwa nguvu ileile kila jino. Mwisho ndo unanoa, tupa ya pembetatu tena, viharakati viwili vitatu kila jino, kwa msumeno wa kupasulia sukuma tupa moja kwa moja bila kuikata pembe. Ukinoa kwanza alafu ndo ukalaza, unaharibu makali uliyotengeneza.

Usilaze jino zima mpaka kwenye shina, ni ile nusu ya juu tu, vinginevyo linavunjika. Mbao mbichi inataka mlalo zaidi, kavu kidogo tu.

Kijana wa Bwaise

Mimi nina msumeno mpya wa dukani umeanza kukwama, naweza kupinda meno yake na hiyo?

Fundi Mbao, Ndeeba

Usijaribu. Angalia ncha za meno yake, kama zina rangi ya bluu iliyokoza au nyeusi, zimechomwa kwa umeme zikawa ngumu sana. Tupa haiziingii, na ukizilaza zinakatika kama kucha kavu. Ile ikiisha makali ni kununua mwingine. Ndo maana hizi koleo zimepotea kwenye karakana zetu, haziharibiki, zimekosa msumeno wa kuhudumia. Inaniuma kusema hivyo lakini ndo ukweli, mimi mwenyewe karakana yangu ina misumeno sita na ni miwili tu ya kunolewa.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Jana nimeshinda nao kutwa. Kulinganisha meno saa nzima. Kulaza meno sauti yake sikuitegemea, ni tik ndogo kila jino linapolala, tik, naruka, tik, nikajikuta nahesabu kwa sauti. Kuna jino moja karibu na kishikio lilikuwa limekatika, nimeliacha.

Mzee wa Walukuba

Liache hivyo hivyo. Utakavyoendelea kunoa miaka na miaka wenzake watashuka chini watalikuta, litarudi kazini lenyewe.

Mjukuu wa Fundi, Jinja

Asubuhi ya leo nimetoa ubao wa mvule uliokuwa umebaki juu ya dari ya stoo, wa babu pia, nikachora mstari na penseli kwa urefu wake. Mara ya kwanza kuuvuta uliruka ukanikwaruza kidole gumba, mzee mmoja jirani akasema anza kwa kuuvuta kwako polepole mpaka upate njia, ndo usukume. Ukashika. Unga wa mbao ukaanza kudondoka mguuni, wa dhahabu, na ile harufu ya mvule kama pilipili kavu, mama akatoka jikoni akasimama mlangoni hasemi kitu.

Futi moja na nusu bila kukwama hata mara moja, mstari haujaachwa. Katikati nilisikia krrr nikasimama haraka, nikaangalia, ni jiwe mzee, jeupe, dogo kama punje ya mchele. Meno mawili yamepata kilema, jioni nitayarudisha.

Yule mdogo wangu wa sikrapu amekuja kushika ncha ya ubao upande wa pili usitetemeke. Ameuliza tunatengeneza nini. Nimemwambia mlango wa banda la kuku la shangazi, maana tumeuchukua wake.